Tumbo la Semeni

Kila asubuhi Bi Tuhfa aliuliza, "Sadalla yuko wapi?" na kila asubuhi binti yake Semeni alijibu, "Amekwenda Pangani, mama."

Sadalla, mdogo wake Semeni, alikuwa amezikwa miezi minane iliyopita. Siku za mwanzo Semeni alisema kweli, na mama, ambaye kumbukumbu zilikuwa zikimtoka, alilia kila mara kana kwamba ndiyo kwanza anapewa taarifa ya msiba. Basi Semeni akaanza kudanganya. Akishajibu huingia chumbani, hukaa kitandani, tumbo likamsokota hadi jasho limtoke.

Likawa la kuendesha leo, kufunga kesho. Mara tatu alinunua dawa za kuua bakteria dukani pale Ngamiani, Tanga, bila kupimwa. Kila alipomaliza dozi, hali ilizidi.

Mwishowe alikwenda kupimwa zahanati, na tabibu Imakulata akasoma majibu. Hakuna minyoo, hakuna amiba.

"Lilianza lini, dada?"

Semeni akaeleza, mpaka habari ya Pangani. Hakuwahi kumwambia mtu.

Imakulata aliweka kalamu chini. "Utumboni mna vijidudu wengi wasioonekana, na wengi wao wanatufaa, wanasaidia kusaga chakula. Mtu akikaa na mawazo mfululizo, utumbo unavurugika, na wao wanavurugika. Nawe ukawamwagia dawa mara tatu."

"Kwa hiyo najitungia ugonjwa?"

"Hapana. Tumbo linauma kweli. Acha hizo dawa, jaribu mtindi kidogo kidogo. Lakini mzigo huo huwezi kuubeba peke yako."

Alipofika nyumbani alimpigia kaka yake, Uweso, aliyekuwa akilima Maramba. "Njoo, kaka. Nimechoka."

Uweso alikuja Ijumaa. Jumamosi asubuhi mama akamgeukia yeye. "Sadalla yuko wapi?"

Uweso aliinuka, akatoka uani. Semeni alimkuta ameegemea ukuta.

"Hili unalijibu kila siku?"

"Kila siku."

Uweso alijifuta uso kwa kiganja. "Basi tugawane."

Wakakubaliana mama akae wiki mbili Maramba, wiki mbili Tanga. Tumbo halikupona upesi. Ilipita miezi mitatu kabla Semeni hajaweza kula maharage bila hofu, na hata sasa zipo siku linamgeuka. Lakini mchana ule Uweso alipoondoka na mama, Semeni alijilaza juu ya mkeka akiwa bado na kanga yake ya kutokea, akalala mpaka adhana ya alasiri ilipomwamsha.