Fimbo za Kushukia Mlima

Jina la Mama Mikate alipewa na wateja wa bekari, wala si kwamba alikuwa na mtoto. Mikono yake ilikuwa imejaa kwa kukanda unga, na siku moja, katika duka la vifaa vya michezo, aliikunja kifuani akimtazama wifi yake akijaribu fimbo za kupandia mlima.

Wifi alikuwa na goti bovu. Mumewe, kaka yake Mama Mikate, ndiye aliyelivunja kwa mguu wa kiti. Mfupa ulipounga wifi alimhama mumewe, na sasa daktari wa viungo alimtaka apande vilima ili goti lipate nguvu, ila kwenye mteremko asithubutu kushuka bila fimbo mbili.

"Kiwiko kikunjike hivi, kama kona ya meza," muuzaji alisema huku akikaza kibano. "Ukishuka, zirefushe kidogo. Mkono upitishe kwenye mkanda kutokea chini, ndipo ushike mpini. Za kaboni ni nyepesi, lakini zikigongwa ubavuni zinapasuka. Za aluminiamu zinapinda tu."

"Nipe zinazopinda," wifi alisema. "Kupasuka nimeshapasuka mimi."

Mawifi wakacheka hadi machozi. Muuzaji naye akacheka, hajui anacheka nini. Mama Mikate akachukua jozi yake pia.

Jumapili walipanda polepole, wifi akilaani kila jiwe. Juu walikula mkate, wakarefusha fimbo, wakaanza kushuka. Njia ilipojipinda kati ya miamba, kaka alikuwa amekaa anawasubiri. Alikuwa amewafuata tangu chini, akabaki hapo wao walipoendelea juu.

"Unatembea kumbe," alimwambia mkewe. "Mbona nyumbani hurudi?"

"Kaka, tupishe," Mama Mikate alisema.

Kaka alikamata fimbo ya wifi akaivuta. Mkanda ulikuwa umembana wifi mkononi, kwa hiyo naye akavutwa, akaanguka kifudifudi, akaburutwa kwenye changarawe akipiga kelele. Kaka alimkanyaga lile lile goti. Mama Mikate aliusikia mlio wa goti, mlio kama wa ukuni mkavu unaovunjika, na jambo fulani alilokuwa amelimeza miaka yote likamsukuma.

Alimpiga kaka yake mkononi kwa fimbo, kwa nguvu zake zote. Fimbo ikapinda. Kaka akaachia, akageuka, akamtandika ngumi ya mdomo. Jino lilimtoka, akalitema pamoja na damu, na kabla hajavuta pumzi alikuwa ameshabanwa mgongo kwenye mwamba, vidole vya kaka vikimkaba.

"Mimi ni damu yako!" kaka alifoka usoni pake. "Damu yako!"

Macho yakaanza kumwingia kiza. Mara kaka akatoa ukelele. Wifi alikuwa amejinasua mkono kwenye mkanda, na akiwa bado chini alikuwa amemchoma pajani kwa ncha ya chuma ya fimbo, akaikandamiza. Kaka alirudi nyuma akichechemea, mguu ukakosa ardhi, akabingirika mteremkoni mpaka chini ya kichaka. Mguu wake mmoja ulilala upande usio wake.

Mama Mikate alimfuata. Kaka alikuwa anaugulia chini, mikono imefunika kichwa, naye akampiga ile mikono. Akampiga mabega. Akampiga tena, na fimbo iliyopinda ikawa inateleza kila ikitua.

"Wifi, basi!" sauti ya wifi yake ilitoka juu. "Basi, utamuua!"

"Niache!"

"Siwezi kushuka peke yangu! Njoo kwangu!"

Hapo ndipo alipoitupa fimbo. Alipanda hadi kwa wifi, akampangusa changarawe usoni, kisha akapiga simu kuomba msaada, kwa ajili ya wote watatu.

Hospitalini, mama yao alikuja mbio, kanga begani, viatu havifanani. Aliposikia mwanawe wa kiume amelazwa kwa sababu gani, hakuuliza la pili. Alimzaba Mama Mikate kofi mbele ya wauguzi.

"Kaka yako wa tumbo moja! Kwa ajili ya mke tu!"

Kofi lilitua kwenye mdomo uliovimba, damu ikachuruzika upya. Mama akatazama kiganja chake kilivyolowa, kisha shingo ya bintiye, palipokuwa na alama za vidole.

"Hizi za nani?"

"Za kaka, mama. Na goti la wifi lilipovunjwa mara ya kwanza, mimi na wewe tulisema kaanguka bafuni."

Mama alikaa kwenye benchi akajiinamia. Askari walikuja kuandika maelezo, kisha wakakaa mlangoni kwa kaka kungoja afungwe plasta mguuni ili wamchukue.

Mama Mikate aliingia chumba cha pili. Wifi alikuwa ametundikiwa mguu, uso umechubuka wote.

"Goti wanasema nini?"

"Wanaanza upya," wifi alijibu, akamsogezea nafasi kitandani. "Kaa. Na ukicheka na pengo hilo, nitakufukuza."

Mama Mikate alikaa. Ndipo akalia.