Mafuta ya Kilumba

Jumapili ile Mwalimu Lazare Monga alisimama kanisani kabla hajaitwa. Waumini wa Kanisa la Metodisti hapo Kamina walimjua kuwa mtu wa taratibu, aliyefundisha jiografia mpaka akastaafu bila kuzoea kupaza sauti. Kwa hiyo walipomwona amenyanyuka wakati wa shukrani, koti limefungwa vifungo vyote, walinyamaza wamsikilize. Akasema anamshukuru Mungu kwa mafuta ya petroli yaliyoonekana Kilumba, na anamshukuru tena kwa sababu mtaalamu wa miamba aliyetumwa kuja kuyathibitisha ni Agar, binti yake wa kumzaa, aliyebatizwa mbele ya madhabahu ile ile. Vigelegele vikajaa kanisa. Mkewe, Mama Béthanie, hakupiga kigelegele. Alikaza kilemba chake na kutazama sakafu, kwa kuwa Agar alikuwa bado hajafika, wala hakuwa amesema neno lolote juu ya petroli.

Kilumba ni kijiji cha wakulima, kando ya barabara iendayo Kabongo. Wenyeji wake wengi ni ukoo wa Kalala, Wakatoliki waliolima hapo tangu babu za babu zao. Chini ya mashamba yao kuna kinamasi, na mwishoni mwa kiangazi maji ya kinamasi kile yalianza kutoa rangi: buluu, zambarau na dhahabu, kama rangi zinazotanda juu ya dimbwi la mvua pale esansi, yaani mafuta ya pikipiki, inapomwagika. Habari haikuchelewa kufika mjini. Nyuma yake akaja mtu mmoja aitwaye Djo, mwenye viatu vyeupe na maneno matamu. Alisema rangi kama zile amekwisha kuziona katika nchi nyingine, na kwamba kampuni kubwa inamfuata nyuma. Akapigilia vijiti vyenye vitambaa vyekundu katikati ya mashamba. Akawashauri watu wasipande mwaka huu, maana mashine zitapita humo, na afadhali wamwandikishe yeye kuwa msimamizi wa ardhi yao ili awasemee kwa wakubwa.

Watu wakamwamini. Mvua ya kwanza ikanyesha, ya pili ikanyesha, na majembe ya Kilumba yalikuwa bado yameegemea ukuta.

Agar alifika na gari la idara yake kutoka Lubumbashi, pamoja na wenzake waliotumwa kuchunguza mawe ya nchi yote kati ya Kamina na Bukama, si kinamasi cha Kilumba. Mama yake alimpikia bukari, ule ugali wa kwao, na sombe la majani ya mhogo, na alipokwisha kunawa mikono baba yake hakuweza kungoja zaidi. Alimweleza habari za kinamasi, halafu, kwa furaha ya mtu anayetoa zawadi, akamsimulia alivyoshukuru kanisani. Agar alicheka kidogo, kisha kicheko kikakatika.

“Papa,” alisema, “ungeningojea.”

Lazare aliona ni unyenyekevu tu. Ndivyo alivyomlea.

Kesho yake walikwenda Kilumba. Mwalimu alilifuata gari la binti yake kwa pikipiki, amevaa koti lile lile la kanisani. Kijiji kizima kilikuwa kimekusanyika, na Djo alikuwa mbele yao kama mwenye sherehe. Lakini Agar hakwenda moja kwa moja kwenye kinamasi. Aliufuata mto unaoingia humo kuelekea juu, mpaka mahali ambapo maji yameosha udongo na kuacha mwamba uchi. Akaupiga nyundo, akaokota kipande, akakitazama kwa kioo kidogo cha kukuzia, akakipima mkononi. Akasogea mbele, akapiga tena. Lazare alimtazama usoni akitafuta tabasamu, asilione.

Ndipo akarudi kwenye kinamasi, akachukua kijiti na kuuchoma ule utando wa rangi. Utando ukapasuka vipande vipande, na vipande vile vikabaki vimeachana juu ya maji.

“Munaona?” aliuliza. “Kama ingekuwa mafuta, ingejifunga tena nyuma ya kijiti. Hii inavunjika sawa sahani. Ni bidudu bidogo sana, binakula chuma ya mu maji. Haiko petroli.”

Djo alicheka peke yake, akasema vitabu vya Lubumbashi havijui kinamasi cha Kilumba, na kwamba labda huyu dada ametumwa na watu wanaotaka kuja kuyachukua mafuta kwa siri. Manung'uniko yakaanza nyuma. Kitwa Kalala, mkubwa wa ukoo, mtu mrefu mwenye mikono iliyokomaa kwa jembe, akainua kiganja wote wakanyamaza.

“Weye uko mutoto ya Mwalimu,” alimwambia Agar. “Baba yako alisimama mu kanisa, asema mafuta iko. Leo weye unasema haiko. Tusikie nani?”

Macho yote yakamgeukia Lazare. Neno moja tu lingetosha, ama kumtetea binti, ama kujitetea mwenyewe, na halikumjia hata hilo moja.

“Papa alisema sababu ya kunipenda,” Agar alijibu. “Minyi nasema juu ya mawe.”

Akawaonyesha kile kipande alichokivunja mtoni, kigumu, chenye punje zinazometameta. Akawaeleza kwa Kiswahili, na pale Kiswahili kilipopungua akaingia katika Kiluba, mpaka hata wazee wakasogea karibu. Aliwaambia jiwe hili lilizaliwa katika moto, chini sana, na halikuwahi kubeba kitu chenye uhai. Mafuta yana asili nyingine. Yanatokana na viumbe vidogo vya majini vilivyokufa na kuzama katika tope lisilofikiwa na hewa, tope likafunikwa na tope jingine juu yake mpaka likawa jiwe jeusi, na joto la dunia likalipika polepole kwa miaka isiyo na hesabu. Yakikwisha kuiva hayatulii. Kwa kuwa ni mepesi kuliko maji, yanapanda, yakipenya kwenye jiwe la mchanga lenye vitundu, na yasipokuta juu yake jiwe la udongo lililoshikana la kuyazuia, yanapotea. Kwa hiyo mtu anayetafuta mafuta anauliza kwanza: lile tope la zamani liko wapi? Lilipikwa? Lina kifuniko? Kilumba hakuna hata kimoja. Chini ya kinamasi kuna mwamba wa moto tu, kwenda chini mpaka mwisho wa akili.

“Mupande,” alimaliza. “Mvua haitabangojea.”

Lazare hakungoja gari. Alirudi mjini na pikipiki ile ile, na habari ilikuwa imemtangulia. Sokoni wauza samaki wakavu walimsalimia kwa heshima iliyozidi kipimo, na hapo akajua wanamcheka. Nyumbani hakugusa chakula. Agar aliporudi, baba yake alimwambia kwamba angeweza kumpasha habari yeye kwanza, faraghani, naye angetafuta namna ya kuwatuliza watu bila aibu. Agar alikaa karibu naye. Akasema alilifikiria jambo hilo njia nzima, lakini kila siku ambayo angemngojea baba yake ni siku ambayo Kilumba wangekaa bila kupanda, na Djo angepata shamba jingine kwa maandishi.

Mwalimu alitafuta kosa katika maneno hayo, asilione. Mama Béthanie, aliyekuwa akichambua maharage mlangoni, akasema bila kuinua kichwa kwamba mtoto huyu ameirithi tabia hiyo kwa mtu fulani aliyewahi kumkaririsha darasa mtoto wa mkubwa wa reli kwa sababu hakujua mito ya Katanga. Lazare alijaribu kutocheka, akashindwa.

Haikupita muda Kitwa Kalala akaja mjini kwa baiskeli, kuku amefungwa nyuma. Alikataa kiti mpaka aseme. Alieleza kwamba vijana walikwenda kinamasini kila mmoja na kijiti chake, wakauvunja ule utando wenyewe kwa mikono yao, na haukujifunga hata mara moja. Wakamwita Djo auvunje mbele yao. Alikataa, na kabla ya jua kuwa kali alikuwa ameondoka. Vitambaa vyekundu viling'olewa, na mahindi yalikuwa tayari ardhini.

“Mwalimu,” alisema, “yule alitudanganya na kicheko. Mutoto yako alituambia kweli na uso mugumu. Wafwako.”

Baada ya kutoa shukrani hiyo ya Kiluba, ndipo akakaa. Lazare alipokea kuku, na kitu fulani kilichokuwa kimeinama ndani yake tangu Kilumba kikaanza kunyooka.

Wiki zile Agar na wenzake walikuwa wamehamia upande mwingine kabisa, mashariki, ng'ambo ya Luena, mahali reli inapoteremka kuelekea Bukama. Lazare aliijua Luena. Zamani aliwapeleka wanafunzi wake huko kwa treni wakaone machimbo ya makaa ya mawe, na Agar, akiwa mdogo kuliko wote, alirudi na kipande cha jiwe chenye alama ya jani akalala nacho. Safari hii ni Agar aliyempeleka baba. Alimwambia tu, “Kuja uone kazi yangu,” naye akapanda gari bila koti.

Njiani alimweleza mabishano yaliyokuwako. Kazadi, injinia mkuu wa kikosi, alitaka kutoboa bondeni karibu na mto, kwa kuwa udongo huko ni laini na gari la mashine linafika kwa urahisi. Agar alimwomba angoje. Akavipanda vilima kwa miguu, kutoka upande mmoja hadi mwingine, na kila mahali tabaka la mawe lilipotokeza alipima limelalia upande gani. Kwenye mteremko wa mashariki matabaka yaliinamia mawio. Kwenye mteremko wa magharibi yaliinamia machweo. Katikati, juu ya kilima kisicho na njia, yalikuwa karibu kulala sawasawa. Maana yake ni kwamba chini ya ardhi matabaka yote yamepinda kama mgongo wa nguruwe. Kama mafuta yamewahi kupita katika nchi hii, yangekuwa yamepanda hadi mgongoni na kukwama chini ya kifuniko. Bondeni pangebaki maji. Kazadi alisikiliza mpaka mwisho, akaenda mwenyewe kupima tena, akarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Ndipo alipoamuru njia ikatwe na mashine ipandishwe kilimani.

Walipofika, mashine ilikuwa ikinguruma. Mchana ulikuwa mkali, na watu walizunguka bomba refu lililokuwa likitoa mawe kutoka chini, yamekatwa mviringo kama mhogo. Kwanza lilitoka jiwe la udongo, la kijivu, limeshikana; Agar alilimwagia maji, na maji yakateleza juu yake bila kuzama. Alitikisa kichwa kwa kuridhika. Chini yake likaja jiwe la mchanga, lenye mabaka ya kahawia. Aliliinua puani. Kisha akampa baba yake.

Lazare alinusa. Hafifu sana, lakini palikuwa na harufu ya taa ya mafuta iliyozimwa zamani.

Agar alikata kipande kidogo, akakitia katika kisahani, akakidondoshea dawa, akakiweka ndani ya sanduku jeusi lenye taa ya zambarau. Akamwita baba yake ainame kwenye tundu. Ndani ya giza lile jiwe lilikuwa linang'aa. Kutoka kwenye punje zake ulikuwa ukitiririka mwanga wa manjano, mwembamba kama moshi, ukienea polepole katika dawa. Mwalimu Lazare alikaa ameinama muda mrefu. Jambo lililokuwa limefichwa na dunia tangu kabla ya mwanadamu lilikuwa mbele ya jicho lake, na aliyejua pa kuligongea mlango ni mtoto ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kushika kalamu.

Aliponyanyuka Kazadi alikuwa amesimama karibu.

“Mwalimu,” Kazadi alisema, “minyi nilitaka tutoboe kule chini. Mutoto yako njo alikataa. Mwaka kesho tutarudia hapa na mashine kubwa ya kusikiliza ardhi, na yee njo ataongoza.”

Agar akawahi kuwaambia kwamba hii ni alama tu. Mafuta yalipita hapa. Kama yalibaki, na kama ni mengi, hakuna anayejua. Huenda ufa fulani uliyaachia yote miaka mingi iliyopita. Wafanyakazi waliokuwa wamekwisha kuanza kupongezana wakatulia kidogo, na Lazare akaona jinsi walivyomtazama binti yake. Ulikuwa mtazamo wa watu wanaojua kwamba siku mtu huyu atakaposema kitu kipo, kitakuwapo. Hakuwa tena na haja ya kusimama mbele ya watu kusema lolote.

Baadaye, mashine ilipozimwa, waliteremka mteremko wa mashariki kwa miguu. Palipokuwa na jiwe lililotokeza, Lazare alisimama na kunyoosha mkono.

“Nifundishe,” alisema.

Agar alitoa dira yake, akampa. Mwalimu aliiweka juu ya jiwe, akakunja uso, akataja namba ya mwinamo.

“Hapana, Papa. Unashika upande ya juu chini.”

Mwalimu akaigeuza. Akapiga goti moja majanini, taratibu kwa ajili ya mgongo wake, akaisoma upya na kutaja namba nyingine. Agar aliinama begani kwake, akahakikisha.

“Njo vile,” alisema.

Lazare akaomba jiwe jingine.