Meno ya Ukurasa wa Kwanza

Mtengenezaji wa meno ya bandia alikuwa akisugua seti ya juu ya bibi mmoja, aliyeomba meno yake yasiwe meupe kupita umri, kinyozi wa chini alipompigia simu kumwambia kwamba ghorofa yake ya juu imepotea.

"Imepotea vipi?"

"Kidogo tu, dada. Wateja wako wawili wamepanda ngazi, wamekuta ukuta, wamerudi. Mmoja nimemnyoa."

Fundi huyo wa meno aliyaweka mezani, akafungua mlango. Ngazi zilikuwepo, alizifagia mwenyewe asubuhi. Alishuka bila shida, akavuka barabara, akatazama juu. Juu ya bango la kinyozi palikuwa na paa, na juu ya paa mawingu. Akapanda tena, akaingia chumbani kwake, akaendelea kusugua, kwa kuwa yule bibi alikuwa na harusi ya mjukuu.

Hali ikabaki hivyo karibu mwaka mzima. Waliomjua kwa sura walimpigia simu, naye akawapimia ufizi kwenye kiti cha kinyozi, kati ya kichwa na kichwa. Wageni hawakumpata kabisa. Jioni moja mumewe, dereva wa basi la shule, alirudi, akamkuta amekaa mbele ya mashine iliyozimwa.

"Kwani tumemkosea nani?" akauliza.

Kinyozi ndiye aliyemleta Mpandishaji. Kazi ya mtu huyo ilikuwa kupandisha majina ya biashara kwenye simu za watu, na hilo ndilo jina mtaa ulilompa. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye viatu visivyoshika vumbi. Mlango aliuona bila kuhangaika. Alisema katika kazi yake mtu huzoea.

"Siku hizi watu hawatafuti kwa miguu, mama. Wanatafuta kwa kidole. Mtu anaandika 'meno ya bandia karibu nami', simu inamletea ukurasa wenye nafasi kumi. Aliyemo, yupo. Asiyekuwemo, ndiyo hivyo, mteja anakuta ukuta."

"Na mimi niko wapi?"

"Ukurasa wa nne. Huko sijawahi kumwona mtu akifika."

Akamtajia bei. Ilikuwa sawa na kodi ya chumba, kila mwezi, kwa muda wote atakaotaka kuwepo.

"Ni ghali. Na faida yake ni nini hasa?"

Mpandishaji alifurahi kuulizwa. Alisema wengi huuliza bei tu, halafu wanalalamika. "Nafasi ni kumi, hakuna ya kumi na moja. Kwa hiyo hulipi ili uonekane. Unalipa ili mwenzako asionekane."

"Mwenzangu yupi?"

"Nafasi nane ni za hospitali kubwa na makampuni. Hao hawashuki, mimi mwenyewe siwawezi. Wanaoshushana ni nyinyi wadogo."

Aliyasikia vizuri maneno hayo. Akiba ya kumalizia paa la nyumba ilikuwa benki, na mvua bado zilikuwa mbali. Akalipa.

Ghorofa ikarudi. Kwanza dirisha, kisha ukuta wa mbele, kisha bango, ambalo kinyozi alisema limerudi limeinama kidogo lakini linasomeka. Wateja wakapanda ngazi. Si wote walitaka meno ya bandia. Mmoja alileta msumeno uliong'oka meno. Mwingine alileta funguo. Mama mmoja kijana alileta mtoto anayeota meno, amelia usiku kucha, akataka kujua atanyamaza lini. Neno lililolipiwa lilikuwa "meno", na neno likishalipiwa halichagui. Hata hivyo wenye mapengo walikuwepo, wengi kuliko zamani. Alimnunulia mumewe viatu. Akaajiri msichana wa kuchanganya plasta.

Ndipo mama yake akampigia simu. "Mjomba wako haonekani."

"Amesafiri?"

"Hajasafiri. Yupo kazini, ila haonekani. Nenda kamwangalie."

Mjomba huyo ndiye aliyemfundisha kazi. Miaka sita alikaa kwenye kigoda chake akichonga magego ya nta, mpaka alipofungua chumba chake mwenyewe mtaa wa pili. Waliagana vizuri. Karakana ya mjomba ilikuwa kati ya duka la dawa na duka la vitabu vya shule. Sasa maduka hayo mawili yalishikana ukuta kwa ukuta.

"Nadhani bado yupo," alisema muuza dawa. "Namsikia akikohoa. Juzi nilimwachia dawa ya kifua hapo ukutani, kesho yake sikuikuta."

Mtengenezaji wa meno alisimama mbele ya ule ukuta, akafumba macho, akainama kidogo kama alivyokuwa akiinama kila asubuhi kukwepa kizingiti cha juu cha mlango mfupi. Akaingia.

Mjomba alikuwa mezani, mkononi ana tupa ya kulainishia meno. Amefifia pembeni, hasa mabegani, kiasi kwamba rafu ya violezo ilionekana nyuma yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Unaniona?"

"Nakuona."

"Basi kaa."

Akakaa kwenye kigoda. Vumbi la plasta lilikuwa lilelile. Alitafuta pa kuanzia, hakupaona, akasema, "Ni mimi, mjomba. Nililipa."

"Najua." Mjomba alipuliza unga kwenye tupa. "Mwaka jana nilikuwa mimi."

Nje mtu alinunua daftari, wakamsikia akibishania bei.

"Ulijua kwamba ghorofa yangu imepotea?"

"Nilipita pale siku moja. Nikatazama juu, nikaona mawingu."

"Na hukusema."

"Ningesemaje? Nilikuwa na wateja."

Alilia kidogo, bila sauti, na mjomba akamwacha alie. Hawakuwa na la kusuluhishwa, maana kila mmoja alikuwa amemla mwenzake, na sahani zilikuwa sawa. Mwishowe mjomba alisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, lakini hili la simu halimjui mtu. Wakakubaliana wote wawili waache kulipa. Nafasi ile ikae wazi, na mwenye kutaka meno awatafute kwa kuuliza njiani, kama zamani.

Mpandishaji aliwapokea vizuri ofisini kwake. Hakuwazuia, wala hakuinua sauti.

"Mnaacha, sawa. Ila nafasi haikai wazi. Haijawahi kukaa wazi hata siku moja."

Na kweli haikukaa. Iliingia kampuni iliyokuwa na picha ya mwanamke anayecheka, na haikuwa na tupa, wala plasta, wala mtu ajuaye chonge inakaa upande gani wa gego. Wiki hiyohiyo ghorofa ikapotea tena, na karakana haikurudi. Msichana wa plasta alisubiri kwa kinyozi siku tatu, kisha akapata kazi kwingine.

Kampuni ikawapigia simu. Namba zao ilizipata kwa Mpandishaji, ambaye ilimlipa kwa kazi hiyo pia. Sauti ilikuwa ya heshima. Ilisema maombi ya meno ni mengi na inahitaji mafundi wazuri. Ikataja malipo, robo ya yale waliyozoea kutoza.

"Mtakuja lini kuiona kazi yetu?" aliuliza mpwa.

"Si lazima tuione."

Mjomba alifikiri usiku mmoja. Mpwa hakufikiri, mvua zilikuwa zimeanza na nyumba ilikuwa ikivuja.

Sasa wanafanya kazi pamoja katika karakana isiyoonekana, meza moja, taa moja. Mjumbe wa kampuni huacha vipimo kwa muuza dawa na huchukua meno kwa muuza dawa. Mpwa naye ameanza kufifia mabegani, ingawa mumewe bado humwona vizuri nyumbani, hasa akizungumza. Wateja huandika kwenye simu zao kwamba kampuni ile ina mikono ya dhahabu, na kwa sifa hizo imepanda hadi nafasi ya tatu, ikaishusha hospitali moja kubwa. Mpandishaji alikiri kwamba hilo hakulitegemea.

Mwezi uliopita mpwa alikuwa amesimama kando ya barabara akisubiri magari yapite. Mwanamke mmoja alikuja akicheka na mwenzake, mdomo wazi, na meno aliyovaa yalikuwa ya mkono wake. Chonge ya kushoto imezidi kidogo, baada ya mwaka itamkwaruza ulimi. Ilihitaji kupitishwa tupa mara mbili tu.

"Dada, samahani," alisema.

Mwanamke alipita begani mwake kama mtu apitavyo kwenye pazia, akiendelea kucheka.