Chai Isiyotiwa Sukari

Nyumbani kwa Bibi Swaumu, kule Kwamsisi, posa haikujibiwa kwa maneno bali kwa chai ya mnanaa. Waposaji wakiletewa chai tamu, wamekubaliwa. Wakiletewa isiyo na sukari, hunywa kwa adabu, huaga, na hakuna aliyefedheheka. Binti mwenyewe hubaki jikoni, wala haonekani mpaka wageni waondoke.

Siku watu wa Kerenge walipokuja kumposea kijana wao Ramadhan, Maryamu, mjukuu wa Bibi Swaumu, aliamka kabla ya jogoo. Alimtaka kijana yule, na moyo wake haukujua kuficha. Akachuma mnanaa pale yanapotiririkia maji ya kutawadhia, ambapo hustawi hata kiangazi.

"Usiuchemshe," Bibi alionya, "utatunywesha dawa ya minyoo. Chemsha majani ya chai, epua, ndipo utie mnanaa na kufunika."

"Nimesikia, Bibi."

"Umesikia, au masikio yako yamekwisha hamia Kerenge?"

Maryamu akacheka, akaupigapiga mnanaa viganjani ili utoe harufu, akautia birikani na kufunika. Mara pikipiki zikanguruma uani. Bibi akaenda kuwakaribisha, akarudi mbio, akanyakua birika, akatoka.

Maryamu akatega sikio mlangoni. Alimsikia Bi Fatu, shangazi yake Ramadhan, akitania: "Nyie Wazigua, harufu hii ni ya chai au mmetufukizia ubani?" Watu wakacheka. Vikombe vikagonga visahani.

"Chai ni nzuri," Bi Fatu akasema kwa upole. "Tumeelewa. Mturuhusu tuondoke."

Maryamu akageuka kulitazama kopo la sukari. Lilikuwa limejaa pomoni, vilevile alivyolijaza alfajiri. Yeye alidhani Bibi ametia. Bibi naye, bila shaka, alidhani mjukuu ametia.

Akachungulia. Bibi Swaumu alikuwa ameonja chai yake, uso umemsawijika, lakini midomo ameifunga. Jibu la nyumba ile halikuwahi kutenguliwa, wala yeye hakuwa mtu wa kulitengua. Wageni walikuwa wamekwisha simama.

Maryamu akajitanda kanga, akalikumbatia kopo, akatoka.

"Shikamooni. Samahani, shangazi, chai ilikuwa haijaisha kutengenezwa."

"Maryamu!" Bibi akang'aka. "Binti haonekani mbele ya waposaji!"

"Tumekwisha mwona, mtani wangu," Bi Fatu akasema, akiketi tena. "Utatufumba macho?"

Maryamu akapiga magoti, akatia kijiko kimoja katika kikombe cha Bi Fatu, kisha kingine, kisha kingine.

"Basi, mwanangu, basi! Unaikubali posa au unanipa kisukari?"

Uani kukalipuka kicheko. Bibi Swaumu peke yake hakucheka. Alimkazia mjukuu wake macho hata kicheko kikafifia na kopo likaanza kumlemea binti wa watu. Kisha, taratibu, akakisogeza kikombe chake.

"Nami nitilie," akasema. "Ukoroge vizuri."