Zamu ya Joto, Zamu ya Gari

...tena, umeme umekatika tena, na yeye yuko tena hapa kwenye korido, kidole juu ya swichi kuu, mlango wa kisanduku cha umeme unamgonga kiwiko, na huko uani mume wake anapiga kelele, "Rudisha basi!", rudisha, kana kwamba amezaliwa na kidole hiki kwa kazi hiyo tu, ngoja, haurudishwi kijinga, fundi alisema uzime kimoja kwanza, ama pampu ya joto inayopasha chumba cha mama yake ama chaja ya gari, ukivirudisha vyote viwili utakatika hapohapo, na fundi wa watu alisema mengi siku ile, alisema kuna kifaa kidogo cha kugawa umeme, pampu ikivuta sana chaja inajipunguza yenyewe, hakuna mtu wa kukimbia huku na huku, na bwana mkubwa huyu akacheka, "Sisi watu wazima, fundi, tunaongea," haya, ongea sasa, mbona huongei, wiki nzima wanaongea kwa kibanio cha nguo, eti kikiwa kwenye waya wa chaja ni zamu ya gari, kikiwa kwenye pazia la mlango wa mama ni zamu ya joto, watu wazima na akili zao... na kwa nini achomeke gari saa hizi, jioni yote hii, baridi inapita chini ya mlango, mama ametoka hospitali wiki iliyopita tu na kifua chake kile, daktari alisema chumba kisipoe hata kidogo, si bwana huyu alikuwepo, si aliitikia kwa kichwa, ndiyo daktari, ndiyo daktari, mnafiki mkubwa, na sasa pampu imenyamaza kimya huko ukutani na bwana huyu ana haraka ya gari, gari lake, analifuta kwa kitambaa laini asubuhi kabla hajamsalimia mtu, sawa, ni teksi, lina abiria wake, ndilo linalowalisha, hilo hana ubishi nalo, lakini lingekufa kungoja mama apate usingizi? na jana mezani, kwa ile sauti yake ya upole, ile ya kuudhi kuliko matusi, "Sisemi kitu mimi, lakini kabla mama hajaja umeme ulikuwa unatutosha," hasemi kitu! na ameshasema, na yeye aliinuka akaenda kuosha vyombo, akaisugua sufuria moja mpaka ikataka kutoboka, akameza maneno, kwa sababu ukuta wa chumba kile ni mwembamba, akajipa moyo kwamba mama amelala, mama hajasikia...

"Bado?" Mume amefika mlangoni, anajifuta mikono kwenye suruali.

"Wewe hukuangalia kibanio kabla ya kuchomeka?"

"Kilikuwa kwenye waya wangu. Nikajua umeshazima pampu."

"Mimi?"

"Sasa nani?"

Lo, mtu mzima na ndevu zake anadanganya kwa ajili ya kibanio cha nguo, amekitoa mwenyewe kwenye pazia, atakitoa nani, tena anamkazia macho bila haya... lakini huyu akidanganya hujikuna sikio, miaka yote hii hajawahi kudanganya bila kujikuna sikio, na hajikuni, mikono yake imetulia, basi nani, humu ndani ni watu watatu tu, yeye hakukigusa, huyu hakukigusa...

"Msigombane." Ni mama, nyuma ya pazia, na kikohozi juu yake. "Nimekibana mimi. Nilidhani kikihamia kwenye gari, na umeme unahamia huko."

Alidhani kibanio ndicho swichi, jamani, kicheko kinampanda mpaka kooni na kinaishia hapo, kwa sababu waya uko uani, mama ametoka mpaka uani, kwenye baridi ile, na kifua kile.

"Mama, kwa nini lakini?"

"Gari lijae, mwanangu. Kesho mkwe wangu anifikishe kwa kaka yako. Ni mbali, lisije likamzimikia njiani."

Kwa kaka, kaka anayefunga mlango asubuhi na kurudi giza limeshaingia, kwa kaka ambako jirani alimkuta mama sakafuni hana hata wa kumpa maji, huko ndiko anakotaka kurudi, basi alisikia, alisikia lote, ulikuwa unatutosha, alilala nalo usiku kucha, na asubuhi alipoulizwa umeamkaje alisema salama, salama kabisa, na akacheka...

"Mama, mimi sikuwa na maana hiyo," mume anaanza.

"Najua, baba. Wala sina kinyongo."

Na huko ndani viatu vinagonga sakafu, vile vya kufunga kamba, vya safari, mama mgonjwa amevaa viatu chumbani jioni hii, na kidole bado kiko juu ya swichi, nyumba bado ni giza, mume bado anangoja, na ile hasira iliyokuwa inarukaruka kwenye gari na waya na kibanio imetulia mahali pamoja, anaijua sasa ni ya nini, ni ya lile neno, na ya sufuria ile aliyoisugua badala ya kufungua mdomo, na hamezi tena, asikie anayesikia, ukuta uwe mwembamba utakavyo...

"Kachomoe gari," anamwambia mume. "Umeme usipotosha, gari lilale njaa. Na ulisemalo juu ya mama yangu, utaniambia mimi, usoni, na nitakujibu."

Kisha anageukia pazia.

"Na wewe mama, vua viatu."