Mjane Haozwi kwa Kimya

Pale hospitalini walimwita Spika, na jina hilo alilistahili. Kwa miaka kumi na sita alikaa nyuma ya kioo cha mapokezi, kipaza sauti mbele yake, akiwaita wagonjwa mmoja mmoja. Mji ule ulikuwa na watu wa kila pembe ya dunia, na majina yao vilevile. Wenzake wakikuta jina gumu walilitafuna nusu, nusu wakameza. Spika hakukubali. Alitoka kwenye kiti chake, akamfuata mgonjwa benchini, akamwuliza, "Kwenu mnalitamkaje?" Kisha akarudi akaliita sawasawa, na mwenye jina akainuka kama aliyeitwa na mama yake.

Basi mwanamke huyo, ambaye kusema ndiyo kazi iliyomlisha, lilipokuja jambo lake mwenyewe alikuwa bubu.

Ububu wenyewe ulianza zamani. Alikuwa na miaka kumi na tisa, baba yake yu hai, na posa imeletwa na kijana mmoja mwalimu wa hesabu. Baba alisimama nje ya mlango wa chumba, akakohoa, akauliza, "Mwanangu, umeridhia?" Binti alikuwa amekaa kitandani na shangazi yake, na alikuwa na swali moja tu: je, huyo mwalimu angemwacha amalize masomo? Alikuwa akitafuta namna ya kuuliza bila kumvunjia baba heshima. Kabla hajaipata, shangazi alipiga kigelegele mpaka dirisha likatikisika. "Kanyamaza! Mwari akinyamaza, kakubali!" Na ndivyo dini inavyosema, bikira kimya chake ndiyo idhini yake. Baba akarudi sebuleni anachekelea, ndoa ikafungwa, na swali bado limo mdomoni.

Sasa msije mkamwonea huruma ya bure. Yule Mwalimu alikuwa mtu na nusu. Masomo mke alimaliza, tena Mwalimu mwenyewe ndiye aliyemshikia kitabu. Walipanga chumba juu ya kiwanda cha uchapaji, na asubuhi mashine zilipowashwa vikombe viligongana kabatini, ikawa hawahitaji saa ya kuwaamsha. Mwalimu alirudi jioni na vumbi la chaki mikononi mwa shati, akaketi kusahihisha madaftari. Kila alipokuta jibu la ajabu alimsomea mkewe, wakacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Mapenzi yalikuja polepole, lakini yalikuja kukaa. Mpaka leo Spika akipita penye harufu ya wino husimama kidogo, akajifanya anatafuta kitu mkobani.

Walikuwa na mchezo wao. Mwalimu, akiwa amefurahi, humwuliza, "Hivi siku ile ulinyamaza kwa kukubali au kwa kukataa?"

Naye hujibu, "Nitakuambia ukizeeka."

Mwalimu hakuzeeka. Figo zilimwangusha akiwa na miaka arobaini na sita, na wiki ya mwisho alikuwa hasemi wala hasikii. Spika alikaa kando ya kitanda amemshika mkono, jibu analo, wa kumpa hayupo. Ishirini na miwili ilikuwa miaka ya ndoa yao. Nani angejua kwamba haikutosha kusema neno moja?

Ikapita miaka sita. Shangazi, ambaye uzee ulimpunguza kila kitu isipokuwa sauti, akaanza kumsakia mume. "Mji umejaa watu kama siafu, wewe unakosaje mmoja?"

Waislamu walijaa, ni kweli. Ijumaa msikiti ulifurika mpaka barabarani, watu wa kila rangi bega kwa bega. Ila imamu akishatoa salamu, kila mtu alirudi kwa watu wake kuoa. Wale wa kwao waliobaki shangazi aliwaleta wote. Mmoja alitaka mke wa kumwuguza mama yake. Wa pili aliuliza nyumba ni ya nani kabla hajauliza hali. Wa tatu alisinzia katikati ya maneno yake mwenyewe.

Fundi lifti alikuja bila kuletwa. Alikuja kutibiwa kidole kilichobanwa na mlango, na jina lake lilikuwa la watu wa mbali, herufi zimebanana hata pa kupumulia hapana. Spika alimfuata benchini, akajifunza, akarudi akaliita. Badala ya kwenda chumba alichoelekezwa, yule bwana alikuja kwanza dirishani.

"Samahani, dada. Tangu mke wangu afariki, hakuna aliyeliita hivyo."

Kidole kilipona baada ya wiki mbili. Mwenyewe aliendelea kukileta kwa miezi miwili, mpaka manesi wakawa wanacheka waziwazi.

Posa ilikwenda kwa mdogo wake Spika, muuza mabomba ya maji, maana baba alikwisha kufa na yeye ndiye walii. Mtu aliyebebwa mgongoni na kufutwa kamasi, leo ndiye wa kumwoza aliyemfuta! Akavuta miguu.

"Dada, mtu mwema, sikatai. Lakini kwao hatukujui. Habari zake tutamwuliza nani?"

"Waulize wanaopanda lifti zake. Hakuna aliyeanguka."

Mdogo mtu akacheka, na aliyecheka keshalegea. Alikwenda akapeleleza kazini kwa fundi na msikitini anakoswali, akarudi hana neno. Siku ikapangwa.

Ilikuwa baada ya swala ya alasiri. Wanaume walikaa sebuleni, Spika chumbani na shangazi, kama zamani. Sheikh alikuja mpaka mlangoni na mdogo mtu nyuma yake, akamtaja mposaji na mahari. "Bibi, umeridhia?"

Spika alifungua mdomo, neno likakwama. Si kwamba hamtaki fundi. Alimtaka, na alilijua hilo tangu wiki ya pili ya kile kidole. Lakini Mwalimu aliliomba neno hilo miaka ishirini na miwili hakupewa. Huyu wa juzi atalipataje kwa alasiri moja? Aliona haya.

"Kanyamaza!" Shangazi akajaza pumzi. "Kanyamaza, kaku—"

"Subiri, mama," sheikh akamkata. "Huyu si mwari. Mjane haozwi kwa kimya. Asiposema kwa mdomo wake, tunakunywa chai tunakwenda zetu."

Mdogo mtu akachungulia. "Dada, jamani. Watu wanangoja."

"Msimharakishe," ikasikika sauti ya fundi lifti kutoka sebuleni. "Kama ni hapana, aseme hapana. Nitasikitika, lakini nitaondoka, na heshima yake ibaki palepale."

Spika akajua kwamba huyu angeondoka kweli, taratibu, bila kulaumu, na kwamba yeye angebaki tena na neno mdomoni, hana wa kumpa. Akageuza uso ukutani. Akasema chini kwa chini, hata shangazi aliyekaa ubavuni hakusikia vizuri.

"Niliridhia, Mwalimu. Si siku ile. Baadaye. Lakini niliridhia."

"Sijasikia, bibi," sheikh akasema. "Na mashahidi hawajasikia."

"Hilo halikuwa lenu, sheikh." Alijifuta machozi kwa ncha ya mtandio, akageuka kuutazama mlango. "Sasa niulize tena."

Sheikh akauliza tena.

"Nimeridhia," alisema, na sebuleni wakasikia wote.