Arobaini, na Barabara Tupu

Hakuna kitu kinachonipandisha hasira kama ile namba arobaini ya kikomo cha mwendo. Simaanishi arobaini ya mjini penye watoto, hiyo naielewa. Naisema ile inayowaka juu ya barabara kuu ya M1, kwenye vyuma vilivyokatiza juu ya magari, huku mbele yako kumenyooka na hapapiti hata sungura. Unapunguza mwendo. Ukienda kidogo namba inakuwa sitini, kisha hamsini, kisha arobaini tena, kisha taa zote zinazima kana kwamba anayeziwasha ameenda kunywa chai. Wanasema ni kuzuia msongamano. Mimi msongamano nimeuona, na mara nyingi unaanzia pale pale penye namba.

Lakini naiheshimu, kwa sababu sina ujanja. Leseni yangu ina pointi tisa za makosa, zote za kamera za taa hizo hizo. Zile tatu za mwisho nilizipata siku sitini ilipogeuka hamsini nikiwa karibu kabisa kupita chini yake. Zikiongezeka tatu nyingine leseni inachukuliwa. Mimi ni muuguzi wa majumbani, na wagonjwa wangu wanakaa huko mabondeni Durham ambako basi hupita likijisikia. Bila leseni sina kazi. Kwa hiyo asubuhi ile ya Septemba, kabla sijawasha gari, niliapa kwamba namba itakayowaka ndiyo nitakayokwenda nayo, liwalo na liwe.

Baba yangu, Ridley Stobbart, hakuapa chochote. Alikuwa kiti cha mbele, shingo kaigeuza nyuma kutazama liki zake. Liki ni kitunguu cha shina refu jeupe, na watu wengine hukikata kwenye supu. Kwetu hukuzwa mwaka mzima kwa ajili ya mashindano, shina liwe nene kama mkono wa mpiga ngumi. Zilikuwa tatu, zimeviringishwa taulo mbichi na kufungwa mkanda wa kiti cha nyuma. Wiki mbili alilala kibandani shambani kuzilinda, maana kuna washindani ambao wivu huwafanya waje na kisu usiku. Alikuwa ameshinda kijijini mara nyingi, lakini yale mashindano makubwa ya kule karibu na Chesterfield, tulikokuwa tunakwenda, hajawahi kuyashinda. Mlango wa ukumbi ulikuwa unafungwa saa nne kamili. Ukichelewa, liki zako hazipandi mezani.

"Sitini hiyo," akasema. "Mbona unakwenda kama unasindikiza jeneza?"

"Nakwenda sitini, baba."

"Yule kakupita."

"Yule ana pointi zake, mimi nina zangu."

Tungekuwa tumeshafika kama angezing'oa jana yake. Hakukubali. Alisubiri kupambazuke, akapiga magoti kwenye udongo na yale magoti yake mabovu, akazitoa mojamoja kama mkunga. Nilimwambia hivyo.

"Liki iliyong'olewa jana ni maiti," akajibu. "Nani anapeleka maiti mashindanoni?"

Tulipoingia sehemu ya Sheffield namba ikashuka. Hamsini. Arobaini. Nyuma yetu likaja gari jeupe la fundi, likatukaribia hadi nikaona uso wa dereva kwenye kioo, anafungua na kufumba mdomo. Akaniwashia taa. Nikashika usukani kwa mikono miwili. Baba akageuka akamtazama, halafu akanitazama mimi, na nikajua yuko upande wa nani.

"Mbele kuna nini?" akauliza.

"Hakuna kitu."

"Basi kanyaga."

"Arobaini, baba."

"Unawaogopa watu wa taa."

"Naogopa kwenda kumfunga Bi Hetherington kidonda kwa miguu, mvua inanyesha."

"Sheria isiyo na sababu si sheria."

Hapo nilicheka, na haikuwa kwa furaha. Baba alikuwa katibu wa chama cha wakulima wa liki kijijini kwetu kwa miaka mingi. Siku ya maonyesho alisimama mlangoni na kengele, na kengele ikilia mlango ulifungwa. Mwaka mmoja aliyefika kengele ikiwa bado inalia alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, baba mdogo Norrie, na toroli lake lililotoboka gurudumu. Baba alimtazama, akafunga. Norrie akagonga. Baba akamjibu akiwa ndani kwamba sheria ni msumeno. Hawakusemezana tena hadi msiba wa mama, na tangu hapo wanasalimiana tu, kama majirani waliogombea uzio.

"Baba mdogo alikuuliza sababu," nikasema. "Ulimpa ipi?"

Akageuka tena kuzitazama liki zake. Lile gari jeupe likachomoka kulia, likatupita na honi ndefu, likatokomea.

Tukabakiza kipande kidogo kabla ya kutoka barabara kuu. Saa ya gari ilikuwa inanisuta. Juu yetu arobaini, mbele lami tupu, nyeupe kwa jua. Nilijua nikikanyaga pale tu tutawahi.

"Denise," baba akasema, safari hii taratibu. "Mwanangu. Mwakani sina shamba. Nimeshawarudishia wenye shamba ufunguo wao, magoti hayawezi tena."

Alikuwa hajaniambia. Nilitamani kulia, na nilitamani kuving'oa vile vyuma kwa meno. Nilimpenda kuliko leseni yoyote. Lakini niliwaona wagonjwa wangu madirishani, wananisubiri, na mguu wangu nikauzuia pale pale ulipokuwa. Tukapita chini ya namba kwa arobaini. Hapakuwa na ajali mbele, wala fundi wa barabara, wala lori lililoharibika. Mpaka leo sijui ile arobaini ilikuwa ya nini.

Ukumbini tulifika baba akiwa amekumbatia liki kifuani. Mlangoni alisimama msimamizi, Bi Pickersgill, mama mnene mwenye ufunguo shingoni. Alikuwa anauvuta mlango. Ukutani nyuma yake saa ilikuwa imepita nne, kidogo tu.

Bi Pickersgill akazitazama zile liki, macho yakamtoka. Akachungulia ndani, akarudi.

"Ingia, Bwana Stobbart, haraka," akanong'ona. "Jaji bado anavaa koti. Mimi sijaona saa."

Nikamsukuma baba mgongoni. Hakusogea.

"Imepita?" akauliza.

"Imepita, lakini..."

"Basi imepita, mama. Funga."

"Baba, umeambiwa uingie!"

"Nimesikia."

Akasimama pale mpaka mlango ukafungwa na ufunguo ukazungushwa. Taulo lilikuwa linadondosha maji kwenye viatu vyake vya Jumapili. Nilikuwa na hasira naye, na taa, na Bi Pickersgill aliyekubali kufunga. Nilimshika kiwiko tukarudi kwenye gari. Akazifunga liki mkanda, akakaa.

"Nipigie Norrie," akasema.

Nikapiga, nikaweka sauti ya nje.

"Norrie. Ni Ridley. Nimefungiwa mlango."

Baba mdogo akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, akatulia, akaanza tena.

"Mkuki kwa nguruwe, Ridley."

"Mtamu," baba akajibu. "Najua. Mwaka ule ningeweza kukuachia. Kengele ilikuwa bado inalia."

Kicheko kikakatika. Nikasikia kiti kinavutwa.

"Nene kiasi gani?" Norrie akauliza.

Baba akamtajia. Norrie akapiga mluzi.

"Zilete hapa. Nataka kuziona mwenyewe. Halafu tuzipike."

Tukarudi barabara kuu kuelekea kaskazini. Hatukwenda mbali, taa zikawaka: arobaini, na barabara tupu mpaka upeo wa macho. Nikatukana kwa sauti, tusi ambalo sijawahi kulitoa mbele ya baba yangu. Naye akauweka mkono wake wenye udongo juu ya wangu.

"Punguza, mwanangu," akasema. "Kwa Norrie mlango haufungwi."